Kabla Hujashika Udongo: Ya Kuzingatia Ukienda Darasa la Ufinyanzi Nairobi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijafungua mfuko wa udongo, kuna swali ninalolisubiri. "Mwalimu, kikombe changu nitaondoka nacho saa ngapi?" Nikijibu kwamba ni baada ya wiki tatu, pengine nne, kimya huingia mezani. Siwalaumu. Mtu ametoka Rongai au Kasarani, amebadilisha matatu mjini, amelipa ada yake kwa M-Pesa, na alichokuwa akiwaza njia nzima ni kurudi nyumbani jioni akanywee chai kwenye kikombe alichojitengenezea. Hakuna aliyemwambia kwamba zile saa mbili za kukaa na udongo ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kwa hiyo kabla ya nguo na vifaa, tayarisha kalenda.

Chombo kibichi lazima kikauke kwanza, na hakiharakishwi. Kisha huingia tanurini kwa mchomo wa kwanza, karibu digrii 1,000 za selsiasi. Kikitoka huko ni kigumu lakini bado kinanyonya maji kama tofali. Hapo ndipo hupakwa glezi, yaani unga wa madini uliokorogwa na maji, halafu kinarudi motoni mara ya pili ili unga ule uyeyuke uwe kioo. Kila mchomo huchukua saa nyingi kupanda na saa nyingi zaidi kupoa, na tanuri haliwashwi kwa ajili ya bakuli moja, husubiriwa lijae. Ongeza stima inayoweza kupotea katikati ya mchomo, utaelewa kwa nini hatuahidi tarehe. Kama ni zawadi ya harusi, anza miezi miwili kabla.

Tazama majira pia. Kati ya Juni na Agosti, Nairobi ikiwa na baridi na mawingu siku nzima, bakuli lililokauka kwa wiki moja mwezi wa Februari linaweza kuhitaji mbili. Februari nayo ina hila zake: hewa kavu hukausha mdomo wa bakuli kabla ya kitako, na ufa huanzia hapo. Ndiyo sababu utakuta rafu zetu zimefunikwa plastiki hata jua linapowaka.

Subira hii nilifunzwa na kiboko. Mwaka wangu wa kwanza nilifinyanga sanamu ya kiboko yenye tumbo nene, nami nilitaka iingie mchomo wa wiki hiyo. Kwa nje ilikuwa imepauka. Nilipoigusisha shavuni ilikuwa baridi, na ubaridi huo ndio dalili kwamba maji bado yanatoka, lakini nilinyamaza. Tulipofungua tanuri, vipande vya kiboko vilikuwa vimetapakaa rafu tatu, na kimoja kilikuwa kimevunja mkono wa birika la mama mmoja aliyelihangaikia kwa majuma mawili. Uso wake ninaukumbuka hadi leo. Wengi husema kinacholipua chombo ni hewa iliyonaswa ndani ya udongo. Hewa peke yake haina nguvu hiyo, ni maji. Hapa kwetu, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, maji huchemka yakifika kama digrii 94, na mvuke ukikosa njia huzipasua kuta. Basi njoo ukiwa umepanga kutengeneza kitu chenye kuta zisizozidi unene wa kidole chako cha mwisho. Ukiambiwa chombo chako kingoje mchomo unaofuata, tafadhali kubali. Tanuri ni la wote.

Kabla ya kutuma pesa, uliza maswali haya bila haya. Ada inajumuisha kuchoma, au kuchoma hulipiwa kando? Utachomewa vyombo vingapi? Glezi utapaka mwenyewe au utapakiwa? Baada ya kuambiwa vyombo viko tayari, vitakaa rafuni muda gani kabla havijaondolewa? Na uliza kuhusu siku ya pili. Kikombe cha gurudumu, yaani kilichofinyangwa juu ya sahani inayozunguka, huhitaji kurudiwa kikiwa kimekauka nusu, kimeshika lakini ukucha bado unaingia, ili kitako kichongwe na mkono ubandikwe. Hapo wahenga walisema kweli tupu: udongo uwahi ungali maji. Mkono mbichi ukibandikwa kwenye kikombe kilichokwisha kukauka utaachana nacho, kwa kuwa kila kimoja kinanywea, yaani kinapungua ukubwa, kwa kasi yake. Kama hutaweza kurudi kati ya wiki, sema mapema ili mwalimu akuchagulie chombo kinachokamilika siku moja.

Sasa mwili wako. Kucha ndizo zinazoleta huzuni kuliko kitu kingine. Kucha ndefu, za asili au za kubandika, hukwangua ukuta wa ndani kila unapojaribu kuuinua, na kwenye gurudumu linalozunguka mkwaruzo mmoja huwa mfereji. Ikiwa ndiyo kwanza umetoka saluni, chagua darasa la kufinyanga kwa mkono, utafurahia zaidi. Pete na saa viache nyumbani. Ya ndoa ikiwa haitoki, mwambie mwalimu. Rasta na nywele ndefu zifungwe nyuma. Vaa suruali au sketi pana, kwa maana kwenye gurudumu utakaa umepanua magoti, viwiko vimekazwa mapajani. Leso kuukuu iliyofungwa kiunoni hufanya kazi nzuri kuliko aproni nyingi, kwani hufika hadi chini. Kidonda kibichi mkononi kifunge vizuri au ahirisha.

Mwenye pumu au kifua chepesi anahitaji kujua hili: udongo mbichi si tatizo, tatizo ni vumbi lake. Vumbi la udongo mkavu lina silika, madini yaliyomo pia kwenye mchanga, na likivutwa miaka mingi huumiza mapafu. Kwa hiyo kwenye karakana yoyote, angalia jinsi wanavyosafisha. Wakipangusa meza na sakafu kwa sponji na maji, kaa. Wakifagia kwa ufagio mkavu huku watu wameketi, mimi ningeuliza. Aproni yako yenye tope usiikung'ute jikoni, iloweke.

Nisemalo kuhusu gurudumu huwa halipendwi, lakini nalisema: usiling'ang'anie siku ya kwanza. Kuuweka udongo katikati ya gurudumu tu kunaweza kukumaliza kipindi kizima. Kina mama wafinyanzi wa Ukambani na Nyanza wamejenga vyungu na mitungi tangu enzi kwa kupandisha kamba za udongo, moja juu ya nyingine, bila gurudumu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye kazi zake zimo hata British Museum ya London, hujenga vyombo vyake kwa mkono. Anayeanza kwa njia hii huondoka na chombo, na vidole vyake vinakuwa vimeujua udongo: ukilegea unahisije, ukichoka unapasukia wapi.

Beba taulo kuukuu na maji ya kunywa. Vifaa vingine utavikuta. Mikono huoshwa kwenye ndoo kwanza, kamwe si kwenye sinki, kwa sababu udongo hutuama ndani ya mabomba, na tena maji ya mfereji hayaji kila siku.

Jiulize pia chombo unakitakia nini. Udongo hunywea ukikauka na ukichomwa, takriban moja ya kumi na wakati mwingine zaidi, hivyo kikombe cha sentimita 11 kitatoka na karibu 10. Ukitaka cha kukutosha chai, kifanye kikuzidi kidogo. Cha kulia au kunywea chai kinahitaji glezi ifaayo kwa chakula, na hilo umuulize mwalimu, usikisie kwa rangi. Mtungi wa maji ni kinyume: uache bila glezi, kwa sababu ni ule unyevu unaopenya ukutani na kukauka kwa nje unaoyapoza maji.

Siku ya kuchukua, njoo na katoni na magazeti ya zamani. Kila chombo kifungwe peke yake, na katoni uipakate mapajani ndani ya matatu; kwenye bodaboda nimeona vilio. Kabla hujafunga, pitisha kidole gumba chini ya kitako. Kikikwaruza, omba msasa ukisugue kwa maji palepale, la sivyo kitachora meza yako ya nyumbani.