Viazi vya Kuponda vya Kijerumani: Namna ya Kuvipika na Kuhesabu Lishe Yake

Kwa watu 4, andaa kilo 1 ya viazi mviringo (uzito usio na maganda), mililita 250 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta, gramu 50 za siagi, chumvi na kungumanga.

Hatua ya 1. Chagua viazi vyenye wanga mwingi. Nchini Ujerumani huandikwa "mehligkochend" kwenye mfuko, na Adretta ni mojawapo ya aina hizo.

Hatua ya 2. Chemsha viazi. Hapa ndipo lishe inapopotea zaidi, kwa kuwa vitamini C na potasiamu huyeyuka katika maji, na kiazi kilichomenywa na kukatwakatwa huachia sehemu kubwa yake kwenye maji yanayomwagwa. Mimi huvichemsha na maganda, kisha huvimenya vikiwa bado vya moto. Wapishi wengi wa Kijerumani humenya kwanza. Ukifanya hivyo, acha vipande vikubwa na tia maji ya kufunika viazi tu.

Hatua ya 3. Kisu kikipenya bila kukwama, mwaga maji, acha mvuke utoke, kisha ponda kwa mkono. Blenda haifai hata kidogo, maana hupasua chembe za viazi, wanga ukamwagika na chakula kikanata kama gundi. Ongeza siagi, kisha maziwa ya moto kidogo kidogo, na umalizie kwa kungumanga iliyokunwa.

Hatua ya 4. Piga hesabu. Viazi huleta takriban kilokalori 770, siagi 370 na maziwa 160, hivyo kila sahani ina kama 325, pamoja na gramu 7 hivi za protini na gramu 12 za mafuta, ambazo takriban 10 zinatokana na siagi. Anayetaka kupunguza uzito apunguze siagi hadi nusu, lakini maziwa ayaache, kwani ndiyo yanayoleta kalsiamu na kuongeza protini.

Hatua ya 5. Pakua mara moja, kwa sababu vitamini C huendelea kupungua chakula kinapowekwa kwenye joto. Viazi vilivyopondwa hupandisha sukari ya damu haraka, kwa hiyo mwenye kisukari ale kiasi kidogo. Kati ya vitoweo ambavyo Wajerumani huvila navyo, ningechagua mchicha na yai la kukaanga badala ya soseji, ambazo huongeza chumvi na mafuta.