Dadu za rezini za mkono: kabla hujalipia, omba video

Kama unacheza Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi, dadu ndo zinaamua mambo) na umechoka na dadu za plastiki za kiwandani, najua tu utaishia kwenye hizi za rezini (kimiminika kinachomwagwa kisha kinaganda kuwa kigumu), zina maua makavu ndani, glita, rangi kama moshi, kingo kali balaa, na bei yake ukiiona unafunga simu halafu kesho unarudi kuchungulia tena. Seti ni dadu 7 (namba baada ya d ni idadi ya nyuso): d4, d6, d8, d10 mbili (moja ina namba za makumi), d12 na d20. Fundi anachanganya rezini na hadina (kemikali ya kuigandisha), anamwaga kwenye kalibu ya silikoni, wengi wanaiweka kwenye chungu cha presha ili mapovu yabanwe yasionekane, anasubiri siku nzima au zaidi ikauke, ndo aanze kupiga msasa na polishi uso mmoja mmoja. Kwa hiyo bei we acha tu.

Cha kukagua ni uso wa mfuniko. Kalibu nyingi zina mfuniko, na ule uso unaokaa chini yake unatoka na rezini ya ziada ambayo lazima iteremshwe kwa msasa, sasa fundi mwenye haraka anasugua mpaka namba inafifia au anaulalia upande mmoja. Usikubali picha, omba video akiizungusha taratibu chini ya taa, uangalie mwanga unavyoteleza juu ya uso. Ukipinda pinda kama kwenye maji, basi uso haujanyooka. Kagua na kona, mapovu yanapenda sana kujificha huko. Kwenye d20 namba zinazotazamana kwa kawaida zinajumlisha 21, 20 na 1, 19 na 2 hivyo hivyo. Ukiona 20, 19, 18 zimepangana jirani, hiyo ni ya kuhesabia uhai kwenye michezo ya kadi, watu wanauziwa bila kujua.

Ikifika, iguse kwanza. Ikinata au ikinuka kali bado haijakauka vizuri, usiichezee mikono mitupu maana rezini mbichi inaweza kukuletea aleji ya ngozi, mrudie muuzaji. Ukitaka kujua kama ina shimo ndani, chukua glasi ya maji ya uvuguvugu, koroga chumvi (nyingi, usione huruma) mpaka dadu ielee, halafu iguse guse izunguke. Namba ileile ikirudi juu kila mara, kuna upande mwepesi. Suuza ukimaliza. Ila zenye vitu ndani usitegemee ziwe sawa kabisa, na mezani hakuna atakayegundua bwana.

Sasa joto. Mimi niliacha seti yangu kwenye dashibodi, Dar hii, saa saba mchana, nikaingia Kariakoo mara moja tu, na Kariakoo hamna mara moja tu. Narudi, nakuta nyuzi za kimfuko zimejichapa kwenye uso wa d12 na ncha ya d4 imejikunja. Epoksi nyingi (ndo aina ya rezini inayotumika sana hapa) zinaanza kulegea joto likikaribia nyuzi joto 50 au 60 za Selsiasi, na gari lililofungwa juani dashibodi inafika huko bila shida. Dirishani pia hapana, jua linazigeuza njano, hasa nyeupe na zile angavu.

Kuosha ni maji ya uvuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa kitambaa laini. Spiriti na dawa ya kutolea rangi ya kucha weka mbali kabisa, zinakula rangi ya namba na kufubaza uso. Usizichanganye na dadu za chuma mfuko mmoja, na rusha kwenye trei yenye kitambaa, hata kitenge kilichokunjwa kinatosha, maana kwenye sakafu ya vigae kona inamegeka mara moja. Zile zenye kimiminika ndani ndo kabisa, zikipata ufa zinavuja na hapo hamna fundi.

Namba ikifutika usitupe dadu, paka rangi ya akriliki kwa kijiti cha meno, subiri kidogo, futa juu juu kwa kitambaa chenye unyevu, ya kwenye mfereji wa namba inabaki.