Wat Arun: piga picha asubuhi, kabla hujavuka mto

Ukiwa Bangkok na unataka picha nzuri ya hekalu la Wat Arun, ipige asubuhi ukiwa ng'ambo ya mto Chao Phraya, pale gati la Tha Tien. Hekalu liko ukingo wa magharibi, kwa hiyo jua la asubuhi linakuwa mgongoni mwako na kulimulika usoni. Ukivuta kamera unaona hadi maua yaliyoundwa kwa vipande vya kauri mnarani. Mimi nilianza kwa kwenda jioni, nikaambulia umbo jeusi mbele ya anga la rangi ya chungwa. Linapendeza, ila nakshi zote zimepotea. Wingu likitanda, hasa kati ya Mei na Oktoba, usisubiri: panda kivuko, ukazitazame kwa karibu.