Jinsi ya Kuonyesha Filamu ya Titanic kwa Hadhira ya Kisumu na Kuijadili

Filamu ya Titanic, ambayo James Cameron aliiandika na kuiongoza mwaka 1997, huchukua saa tatu na robo hivi, na watu wengi wa Kisumu wanaodai kuijua waliiona vipande vipande: kwenye kibanda cha video, ndani ya basi la usiku la kwenda Nairobi, au kwenye simu ya mwenzao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kiongozi wa kikundi cha vijana, mwalimu au mzee wa kanisa anayetaka kuionyesha yote kwa mara moja, ukumbini, mbele ya watu wanaoishi kando ya Ziwa Viktoria na ambao baadhi yao hupanda boti kila wiki. Msimamo wangu ni kwamba mapenzi ya Jack na Rose, vijana wawili wanaokutana ndani ya meli itakayozama, ni chambo. Kinachostahili kuvuliwa ni hesabu ya boti za uokoaji, na maandalizi yako yote yalenge hapo.

Anza na ruhusa, maana ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko kitu kingine chochote. Kununua diski au kulipia huduma ya filamu kwenye intaneti kunakupa haki ya kutazama nyumbani kwako, si haki ya kuonyesha hadharani, hata kama hutozi kiingilio. Mwandikie mwenye haki za filamu au wakala wake mapema, kisha uulize Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya kuhusu leseni ya maonyesho na umri wa watazamaji wanaoruhusiwa. Usilichukulie kwa wepesi suala la umri, kwa kuwa filamu ina sehemu ambapo Rose anachorwa akiwa uchi na nyingine ambapo wapenzi hao wamejificha ndani ya gari lililopakiwa kwenye shehena ya meli. Wapo waandaaji wanaodhani wataziba lenzi ya projekta kwa kiganja sehemu hizo zikifika, lakini zogo linalozuka gizani huwa kubwa kuliko aibu iliyokuwa ikikwepwa. Ikiwa hadhira yako ni ya watoto wasioruhusiwa, tafuta filamu nyingine.

Kuhusu tarehe, utashawishika kuchagua tarehe 14 au 15 Aprili, kwa sababu meli yenyewe iligonga jabali la barafu saa tano na dakika 40 usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 na kuzama saa nane na dakika 20 usiku huo huo. Aprili, hata hivyo, ni mwezi wa masika, na anayeijua Kisumu anajua jinsi mvua ya alasiri inavyoweza kuyapiga mabati ya ukumbi hadi watu wa safu moja wasisikizane. Januari na Februari zinakufaa zaidi. Anza saa saba na nusu mchana, ili hata ukiongeza maelezo ya mwanzo, mapumziko na mjadala, watu waondoke saa kumi na mbili jioni na kidogo, kabla ya giza na kabla nauli ya matatu haijapandishwa.

Ukianza mchana, inakubidi utengeneze giza, na hapa ndipo maonyesho mengi ya mtaani yanapoharibika. Nusu ya kwanza ya filamu ina jua, kofia pana na sitaha nyeupe, kwa hivyo picha yake huonekana hata pazia likiwa jepesi. Nusu ya pili hutokea usiku, juu ya bahari nyeusi, na mwanga mdogo tu wa dirishani unaweza kuifuta yote. Usijaribu projekta yako kwa sehemu ya meli inapong'oa nanga Southampton. Ijaribu kwa sehemu ya boti zinapoteremshwa, saa ile ile ya mchana utakayoitumia siku ya maonyesho, na uendelee kuziba madirisha kwa mablanketi hadi uweze kuzitambua nyuso za watu walio ndani ya boti. Spika nazo zipimwe kwa namna hiyo hiyo: weka sauti kwa kuwasikiliza wanamuziki wanaopiga fidla kwenye sitaha, kisha uhakikishe kwamba kishindo cha meli inapokatika hakipasui spika. Jenereta iwe tayari imewashwa kabla ya filamu kuanza, kwa maana stima ikipotea wakati meli inazama, hata wiki ijayo hutaweza kuwarudisha watu katika hali waliyokuwa nayo.

Mazungumzo ya filamu ni ya Kiingereza, na katika ukumbi wenye kina mama wauza samaki, wazee na wanafunzi, si wote watakaoyafuata. Desturi ya vibanda vya video ni msimulizi kuzungumza juu ya wahusika tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mbwembwe nyingi. Naipenda desturi hiyo kwa filamu za mapigano, lakini hapa haifai, kwa kuwa sehemu nzito za Titanic hutegemea watu wanaonong'ona. Msimulizi wako azungumze mara tatu tu: mwanzoni, wakati wa mapumziko, na mwishoni. Maelezo ya mwanzo yanaweza kuwa mafupi kama haya: "Meli hii ilijengwa Belfast na kampuni ya Harland and Wolff. Iliondoka Southampton, Uingereza, tarehe 10 Aprili 1912 kuelekea New York. Ilibeba watu zaidi ya 2,200, matajiri wakiwa juu na maskini wakiwa chini. Ilikuwa na boti 20 za uokoaji, zenye nafasi ya watu 1,178. Jack na Rose ni wa kubuniwa. Meli, barafu na hesabu hiyo si vya kubuniwa." Baada ya hapo, akae.

Kuna jambo moja ambalo mtu wa ziwani hawezi kuliamini kwa maneno matupu, nalo ni baridi ya maji. Maji ya ziwa letu huwa na joto la nyuzi 25 hivi, na kijana wa ufuo wa Dunga aliyezoea kuogelea tangu utotoni atauliza, tena kwa sauti, kwa nini Jack haogelei hadi kwenye boti. Bahari usiku ule ilikuwa karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri, kiwango ambacho maji ya chumvi hufikia bila kuganda, na wengi waliobaki majini wakiwa wamevaa jaketi za uokoaji waliuawa na baridi. Nunua barafu kwa wale wanaoiuza kwa wachuuzi wa samaki, uiweke kwenye beseni la maji, utie chumvi nyingi na ukoroge. Mlangoni, kila anayetaka atumbukize mkono kwa muda usiozidi nusu dakika, na watoto wadogo wasiruhusiwe. Utashangaa ni wangapi wataondoa mkono kabla hujamaliza kuhesabu hadi kumi, na swali la kuogelea halitaulizwa tena.

Kabla jabali la barafu halijatokea kuna mazungumzo mafupi ambayo watu hupitwa nayo kwa sababu wanamngojea Jack arudi. Rose anatembea sitahani pamoja na Thomas Andrews, msanifu wa meli, na anamwambia kwamba amejumlisha idadi ya boti na ameona hazitoshi watu wote. Andrews anakiri, na anaeleza kuwa wenye usemi waliona boti zaidi zingejaza sitaha na kuharibu mandhari yake. Waombe watazamaji tangu mwanzo waisubiri sehemu hiyo. Usisimamishe filamu hapo, acha ipite.

Mapumziko yawekwe baada ya Andrews kutandaza michoro mezani na kumweleza Kapteni Smith kwamba meli ingeweza kuelea hata vyumba vinne vya mbele vikijaa maji, lakini si vitano. Hapo filamu imefika katikati hivi, na kila mtu ukumbini anajua kuwa meli itazama ilhali abiria walio chini bado hawajui. Dakika 20 zinatosha kwa soda na msalani. Waliotazama filamu hii enzi za kanda mbili za video wameshazoea kukatizwa, na hawatanung'unika. Watakaporudi, msimulizi aeleze sentensi chache tu: kwamba sheria ya Uingereza ya wakati huo ilipima idadi ya boti kwa ukubwa wa meli na si kwa idadi ya watu, na kwamba kiwango chake cha juu kabisa kilikuwa cha meli za tani 10,000 na kuendelea, ilhali Titanic ilikuwa na zaidi ya tani 46,000. Kwa hivyo meli hiyo haikuvunja sheria yoyote ya boti. Aongeze kuwa boti ya kwanza kuteremshwa iliondoka na watu 28 hivi ilhali ingebeba 65.

Tangu hapo usizungumze wala usisimamishe chochote. Wanamuziki wakiendelea kupiga, picha inaingia katika chumba ambapo mume na mke wazee wamelala wamekumbatiana huku maji yakipanda. Inapita kwa sekunde chache tu. Hao ni Isidor na Ida Straus, watu wa kweli. Isidor alikuwa mmoja wa wenye duka la Macy's la New York, na Ida alikataa kupanda boti bila mumewe. Walionusurika waliwaona mara ya mwisho wakiwa sitahani, si kitandani, lakini kukataa kwake kumethibitishwa na mashahidi. Kama wapo ukumbini watakaodai kwamba mapenzi ya namna hiyo ni ya sinema tu, wazee hawa watakusaidia sana kwenye mjadala.

Mjadala wenyewe utaanza na mlango, yaani ule ubao ambao Rose anaelea juu yake huku Jack akibaki majini. Kila hadhira hutaka kujua kama Jack angetoshea juu yake pamoja na Rose. Wape dakika kumi, waambie kwamba Cameron mwenyewe alionyesha majaribio yake kuhusu jambo hilo mwaka 2023, kisha ufunge suala hilo bila huruma, la sivyo halitaisha. Atakayesema kwamba kaburi la Jack lipo Halifax, Kanada, hakosei kabisa: lipo jiwe lililoandikwa J. Dawson, lakini ni la Joseph Dawson, kibarua wa makaa ya mawe ndani ya meli. Tumia muda mrefu zaidi kwa William Murdoch, ofisa wa kweli ambaye filamu inamwonyesha akiwapiga abiria risasi kisha akijiua. Jambo hilo halijathibitishwa kamwe, na mwaka 1998 mwakilishi wa studio alikwenda Dalbeattie, mji wa Murdoch huko Uskoti, kuwaomba radhi watu wake. Waulize vijana mtunga filamu ana haki gani ya kumpa marehemu mwenye jina na ndugu dhambi asiyojulikana kuitenda.

Baada ya hapo, rudi kwa wale maskini waliokuwa chini, abiria wa daraja la tatu. Karibu asilimia 60 ya abiria wa daraja la kwanza waliokolewa, na robo tu ya wale wa daraja la tatu. Filamu inaonyesha mageti yaliyofungwa. Uchunguzi rasmi wa Uingereza haukukubali kwamba walizuiwa makusudi. Waache watu wabishane, kwa sababu hadhira hii ina ushahidi wake. Feri ya MV Bukoba ilizama katika ziwa hili hili karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa na mamia ya watu, na feri ya MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara mwezi Septemba 2018, ambapo zaidi ya watu 200 walifariki. Usitaje ajali hizo kabla hujauliza kwa upole kama kuna aliyefiwa, na akiwepo, asisukumwe kusimulia.

Malizia kwa vitendo. Omba kikundi cha usimamizi wa ufuo kilicho karibu nawe kikuazime jaketi za uokoaji na kikutumie mtu mmoja wa kuelekeza. Watu wavae wawili wawili, kila mmoja akikagua mikanda ya mwenzake na kuivuta mabegani kwenda juu: jaketi ikipanda hadi kidevuni, haijafungwa sawasawa. Za watoto ziwe tofauti na za watu wazima. Andika idadi uliyoazima na uihesabu tena mlangoni kabla ya kufunga ukumbi, kwa kuwa wenyewe watazihitaji alfajiri.