Kabla ya Kulipia Mafunzo ya Upatanishi: Mwongozo kwa Wanataaluma wa Uganda

Kanuni za Upatanishi za mwaka 2013 zinataka kesi za madai zinazofunguliwa katika Mahakama Kuu na mahakama zilizo chini yake zipelekwe kwanza kwa mpatanishi, na mpatanishi huyo amepewa siku 60 za kukamilisha kazi yake. Haja ya watu wanaoijua kazi hii imekua, na matangazo ya mafunzo yameongezeka pamoja nayo: siku mbili hotelini, wiki nzima chuoni, miezi kadhaa kwa njia ya intaneti. Ninamwandikia mhandisi, afisa utumishi, wakili, muuguzi mkuu au afisa wa ardhi ambaye tayari ana kazi yake, ambaye muda wake ni mchache, na ambaye pengine ada ataitoa mfukoni mwake mwenyewe.

Jambo la kwanza ni kujua utapatanisha wapi, kwa kuwa hilo ndilo litakaloamua cheti gani kina maana kwako. Anayetaka kupokea mashauri kutoka mahakamani asome kwanza kanuni zenyewe. Mbali na majaji, wasajili na mahakimu, kanuni zinamtambua mtu aliyepewa ithibati na mahakama, mtu aliyethibitishwa na CADER, kituo cha utatuzi wa migogoro kilichoundwa chini ya Sheria ya Usuluhishi na Maridhiano ya mwaka 2000, na vilevile mtu mwenye sifa na uzoefu aliyechaguliwa na pande zenyewe. Mlango huo wa mwisho ni mpana kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu fundi majengo mwenye heshima aliyefunzwa vizuri anaweza kuchaguliwa na mkandarasi na mteja wake bila kuwa mwanasheria. Afisa utumishi ambaye atakuwa akikutanisha wafanyakazi na wakuu wao kiwandani hahitaji ithibati ya mahakama. Anahitaji ustadi na kuaminiwa. Anayelenga migogoro ya kibiashara aangalie masharti ya orodha ya wapatanishi ya ICAMEK, kituo cha kimataifa cha usuluhishi na upatanishi cha Kampala kilichoanzishwa na Chama cha Wanasheria cha Uganda pamoja na Chama cha Mabenki. Na mwenye wateja wanaovuka mipaka akumbuke kwamba Uganda ilitia saini Mkataba wa Singapore kuhusu upatanishi siku ulipofunguliwa, tarehe 7 Agosti 2019. Kwake yeye cheti kinachotambulika nje ya nchi kina uzito ambao kwa mpatanishi wa migogoro ya mashamba hakina.

Kuna tatizo la neno ambalo limewagharimu watu fedha. Kwa Kiswahili chetu cha Afrika Mashariki, "usuluhishi" hutumika kwa mambo mawili tofauti: kazi ya mtu wa tatu anayesikiliza pande mbili na kutoa uamuzi unaozifunga, na kazi ya mtu wa tatu anayezisaidia zifikie makubaliano yao wenyewe bila yeye kuamua lolote. Hii ya pili ndiyo ninayoiita upatanishi hapa. Mafunzo mengi huzifundisha zote mbili chini ya jina la utatuzi wa migogoro nje ya mahakama, na mara nyingi sehemu kubwa ya muda huliwa na ile ya kwanza, kwa kuwa ina sheria nyingi za kusoma. Omba ratiba ya kila siku, si kipeperushi tu, kisha uhesabu mwenyewe saa za upatanishi ni ngapi.

Ukiwa na ratiba mkononi, tafuta kitu kimoja kabla ya vingine vyote: ni saa ngapi wewe mwenyewe utakaa kwenye kiti cha mpatanishi, na ni nani atakayekuwa akikutazama. Katika nchi nyingi mafunzo ya msingi hukadiriwa kuwa saa 40, na kipimo hicho ni kizuri kuanzia, lakini saa 40 za kusikiliza mihadhara hazimfanyi mtu kuwa mpatanishi. Mafunzo yangu ya kwanza yalifanyika katika ukumbi wa hoteli wenye watu zaidi ya themanini. Tulisikiliza kwa siku mbili, tukapewa vyeti, tukapiga picha. Muda si mrefu nikakalisha wafanyakazi wawili waliokuwa hawasemezani, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimeshawaambia nani amekosa na afanye nini. Walitia saini kwa kuniheshimu. Baada ya wiki mbili ugomvi ulirudi, na safari hii hawakuniita tena, kwa sababu mmoja wao alikuwa amekwisha kuniona hakimu wa upande wa pili.

Mafunzo yangu ya pili yalikuwa na watu kumi na wawili na wakufunzi watatu. Zoezi mojawapo lilihusu mama mwenye kibanja, yaani kipande anachokalia katika ardhi ya mtu mwingine, na mwenye ardhi hiyo ya mailo (ardhi ya kumilikiwa daima kwa hati), aliyekataa kupokea busuulu ya mama huyo, yaani kodi yake ya ardhi ya kila mwaka, nami nikapewa kiti cha mpatanishi. Nilimwuliza mwenye ardhi, "Huoni kwamba ingekuwa haki kuipokea busuulu hii?" Mkufunzi alisimamisha zoezi papo hapo, akamwuliza mwenzetu aliyekuwa akiigiza mwenye ardhi amelisikiaje swali lile. Akajibu kwamba alihisi nimeshahamia upande wa mama. Nikatakiwa kuuliza upya. Mara ya pili nikakosea vilevile kwa maneno mengine. Mara ya tatu nikauliza, "Ukiipokea busuulu, unahofia itachukuliwa vipi?" Hapo ndipo alipofunguka: alihofia kwamba risiti ya mwaka huu ingehesabiwa kuwa amekubali pia kipande cha shamba ambacho mama alikiongeza miaka ya karibuni. Mgogoro wote ulikuwa ndani ya jibu lile, na hakuna mhadhara ambao ungenifikisha pale. Kwa hiyo uliza idadi ya washiriki kwa kila mkufunzi. Mkufunzi mmoja kwa watu wanne au watano anaweza kuona unachokosea. Mkufunzi mmoja kwa watu arobaini haoni chochote.

Mkufunzi mwenyewe naye aulizwe, kwa adabu, mara ya mwisho alipopatanisha watu ilikuwa lini. Kuna wasomi wazuri wa sheria ambao hawajawahi kukaa kati ya ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao, na hilo hujitokeza darasani. Uliza pia kama inawezekana mshiriki akashindwa. Pale ambapo kila aliyelipa hufaulu, unachonunua ni cheti cha kuhudhuria, nacho si sawa na cheti cha umahiri kinachotolewa baada ya mtu kupimwa katika kikao cha kuigiza mbele ya watathmini.

Angalia mifano inayotumika. Kama mazoezi yote yanahusu mikataba ya kampuni za London, utajifunza hatua za kikao lakini hutajifunza kushughulika na mzee wa ukoo anayesubiriwa azungumze kwanza, wala na mjane ambaye hazungumzi shemeji yake akiwepo. Lugha nayo isipuuzwe. Mafunzo hufanyika kwa Kiingereza, lakini vikao vingi vitafanyika kwa Kiluganda, Kiacholi, Kirunyankore, au kwa Kiswahili, hasa Busia na Malaba, ambako wafanyabiashara wa Uganda na Kenya huelewana kwa lugha hiyo. Jaribu kumweleza mtu kwa lugha yake kwamba atakayoyasema kikaoni hayawezi kutumiwa dhidi yake mahakamani; utaona kwamba sentensi hiyo inahitaji mazoezi. Mafunzo yanayoruhusu walau zoezi moja kwa lugha utakayoifanyia kazi yana thamani kubwa.

Somo moja sitaki ulikose kwa namna yoyote, nalo ni wakati wa kukataa kupatanisha. Mtoto aliyenajisiwa si mgogoro wa familia mbili wa kumalizwa kwa mbuzi na fedha. Ni jinai, na mpatanishi anayekubali kuketi katika shauri hilo anamdhulumu mtoto. Mke anayepigwa hawezi kujadiliana kwa uhuru na anayempiga. Mafunzo mazuri humfundisha mtu kuzungumza na kila upande peke yake kabla ya kikao, kutambua hofu, na kujua amwelekeze mhusika wapi. Ikiwa ratiba haina hata saa moja ya jambo hili, mimi nisingejiandikisha.

Kuhusu ithibati ya chuo, ukiambiwa kozi ni ya stashahada au shahada, Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu ndilo la kuulizwa kama inatambuliwa. Wakili aulize kama saa zake zitahesabiwa katika mafunzo endelevu yanayosimamiwa na Baraza la Sheria. Anayetaka kazi za mahakama aende kwa msajili anayeshughulikia upatanishi akiwa na jina la kozi, amwulize ana kwa ana kama wahitimu wake hupokelewa, na afanye hivyo kabla ya kulipa, kwa kuwa tangazo linalosema "inatambulika" halisemi na nani.

Ada izingatiwe pamoja na kinachofuata mafunzo. Kozi ya bei nafuu isiyokupa nafasi ya kukaa pembeni ya mpatanishi mzoefu inaweza kukugharimu zaidi, kwa maana utabaki na cheti usichothubutu kukitumia. Mafunzo ya intaneti yanafaa kwa nadharia na maadili, lakini mazoezi yawe ana kwa ana, kwani kuna mambo ya mikono, macho na ukimya ambayo simu haiyaonyeshi.

Mwisho, waombe waandaaji majina ya wahitimu wawili wa mwaka uliopita, uwapigie, na uwaulize swali moja: tangu umalize, umepatanisha nani, na ulipokwama ulimpigia nani?