Vitenzi vya Kifaransa: anza na masikio, jedwali baadae

Wengi tukianza Kifaransa tunakariri jedwali la vitenzi kwa macho, halafu mdomo ukifunguka unatoa kila herufi iliyoandikwa. Anza na masikio. Chukua parler (kuongea): je parle, tu parles, il parle, ils parlent, kitenzi kinatamkwa vilevile kwa wote wanne, silabi moja tu, kama "parl" hivi, ile -ent iko kwenye karatasi tu haisemwi. Silabi ya pili inakuja kwenye nous par-lons na vous par-lez.

Sasa mkazo. Sisi tumezoea ukae silabi ya pili kutoka mwisho, SOma, soMEni, ndo maana tunasema PARlez. Wao wanauweka kwenye silabi ya mwisho inayosikika, tena ya fungu zima la maneno sio ya neno moja moja: vous parLEZ, ila ukisema vous parlez BIEN mkazo unahamia huko.

Ukishalishika hilo, vile vitenzi vinavyogeuka geuka katikati havikutishi tena. Gonga meza huku unasema acheter (kununua). J'aCHÈTE, mkazo uko kwenye mzizi kwa hiyo irabu inafunguka, inavaa è. Nous acheTONS, mkazo umekimbilia -ons, ile e inabaki dhaifu mpaka inamezwa, unasikia silabi mbili tu, "ash-ton", na hiyo n inaishia puani. Appeler (kuita) ni mchezo uleule, appelle na appelons, ila yeye badala ya alama anaongeza l, ukorofi tu. Hata viens/venons (kuja), peux/pouvons (kuweza), meurs/mourons (kufa) ni hivyohivyo, urithi wa Kilatini, irabu yenye mkazo ilibadilika kivyake na isiyo na mkazo ikaenda kivyake.

Wakati ujao ndo unasumbua kidogo: j'achèterai, mkazo uko mwisho lakini è bado ipo. Hapo angalia silabi inayofuata, -te-, e yake bubu, basi è inabaki. Kwa préférer (kupendelea), marekebisho ya tahajia ya 1990 yameruhusu je préfèrerai kwa mantiki hiyohiyo, ingawa préférerai ya zamani bado inakubalika.

Kitenzi kikianza na irabu, konsonanti ya nyuma inahamia kwake: il aime (anapenda) ni "i-lem", ils aiment (wanapenda) ni "il-zem". Hiyo z usiile, maana bila hiyo anayekusikiliza hajui ni mtu mmoja au ni wengi.