Kuitoa ncha ya kisu cha kukunja bila kukiua chuma

Msimu wa kusi uliopita, bahari imechafuka na mashua nyingi zimevutwa pwani, mvuvi mmoja wa Likoni, Mombasa, aliniletea kisu chake cha kukunja. Makali hayakuwa na shida, ncha ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Ukikata kamba umechuchumaa huku chombo kinayumba, ncha kali haichagui pa kuingia. Ilishamchoma paja, na madumu ya maji iliyoyatoboa alikwisha kuacha kuyahesabu. Akaniuliza kama naweza kumtolea ncha nikamwachia kisu.

Inawezekana, na hata wewe unaweza kuifanya nyumbani. Mabaharia wa Ulaya wanalijua umbo hili tangu zama za matanga, nao huliita mguu wa kondoo: makali yamenyooka kama rula, na mgongo unateremka mbele hadi kuyakuta. Kwenye kamba kinakata vilevile, ila hakichomi. Nitaeleza nilivyokifanya cha yule mvuvi, kisu cha kawaida kabisa chenye bapa la chuma kisichoshika kutu, urefu milimita 80, upana 20, unene 2 na nusu.

Vifaa

Karakana yangu ni baraza ya nyuma ya nyumba, meza moja na jiriwa. Utahitaji kinoo cha pande mbili, msasa wa chuma namba 120, 240 na 400, kipande cha kioo kinene au marumaru iliyobaki kwenye ujenzi (ndiyo meza yako ya kusawazishia), tupa ndogo, kalamu ya maka, tepu ya karatasi, ndoo ya maji, miwani ya kinga na barakoa. Vyote utavipata kwenye duka la hadiwea. Grainda ya mezani inasaidia lakini si lazima. Bila grainda kazi itachukua jioni mbili, na pengine itatoka nzuri zaidi.

Hatua ya 1: Kijue kisu chako

Pitisha tupa kwenye mgongo wa bapa, mara moja tu, mahali pasipoonekana. Tupa ikiteleza kama inapita juu ya kioo, chuma kimetiwa ugumu wa kutosha na hutaweza kukikata kwa tupa, itabidi kinoo, msasa au grainda. Tupa ikiuma na kutoa unga, chuma ni laini. Kazi itakuwa rahisi, lakini usitarajie makali yadumu.

Kisha angalia kiungo. Kama kina skrubu, mara nyingi za nyota, kifungue na upange kila kipande kwenye sahani kwa mpangilio uliotoka, hasa zile washa nyembamba za shaba au plastiki. Skrubu ikigoma, huenda imetiwa gundi. Iguse kwa ncha ya pasi ya kulehemu kidogo, gundi italainika. Kama kiungo kimepigwa ribiti, usikivunje. Kifungue kisu wazi, weka kijiti kigumu kando ya bapa na mpini, zungusha tepu mpaka kisiweze kujikunja, na kiungo chenyewe kifunge kwa nailoni ili unga wa chuma usiingie. Kisu kinachojifunga vidoleni huku kiko kwenye grainda ni habari ya kwenda hospitali.

Hatua ya 3 itakuwa na utelezi, kwa hiyo yafishe makali sasa hivi. Yasugue moja kwa moja juu ya kinoo, kama unayekata jiwe, mpaka yasiweze kukata karatasi. Wapo wanaofunika makali kwa tepu na kuendelea. Tepu ikilowa inabanduka, nami nimeshaona damu kwa sababu hiyo.

Hatua ya 2: Chora mstari, na hapa usiharakishe

Vingi vinavyoharibika huharibikia hapa, kabla hata grainda haijawashwa.

Kisu kikifungwa, makali huingia ndani ya mpini na mgongo hubaki nje. Ili kuifupisha ncha una njia mbili: kula chuma kutoka mgongoni ukishuka, au kutoka upande wa makali ukipanda. Ukipanda kutoka kwenye makali, ncha mpya inahamia juu karibu na mgongo, na siku utakapokifunga itachungulia nje ya mpini kama mwiba wa tafi. Utakisahau mfukoni, utatia mkono, na mengine unayajua. Ukishuka kutoka mgongoni, ncha mpya inakaa kwenye mstari wa makali, na kisu kikifungwa inazama chini kabisa.

Kwa hiyo kila unachoondoa, kiondoe mgongoni.

Lalia bapa juu ya kadibodi, zungushia kalamu, kata umbo lake. Kwenye kadibodi tafuta pale ambapo makali yanaacha kunyooka na kuanza kupinda kwenda juu. Hapo ndipo ncha mpya itakapokuwa. Kwenye kisu cha mvuvi ilimaanisha kupoteza milimita 9 za urefu. Kutoka hapo chora mteremko wa mviringo unaopanda hadi mgongoni, usiwe mkali kama ukuta. Uangalie ule mfuo wa kucha ulio ubavuni mwa bapa, unaotumia kufungulia kisu. Mteremko ukiukaribia mno, utabaki na kisu kizuri kisichofunguka.

Kata kadibodi kwa umbo jipya, itie pini mahali pa kiungo, izungushe juu ya mpini kama kisu kinavyojifunga. Ncha imezama? Vizuri. Sasa hamishia mstari kwenye chuma kwa maka.

Tahadhari moja kwa vile visu vya zamani vyenye springi mgongoni. Kwenye msuka, yaani kitako cha bapa kisicho na makali, karibu na kiungo, kuna kijinundu kidogo kinachozuia bapa lisizame kupita kiasi. Fundi mmoja aliwahi kunishauri nikipige tupa ili ncha iliyochungulia izame. Kweli ilizama, na makali nayo yakaanza kugonga springi kila kisu kilipofungwa, yakawa na pengo katikati. Msuka usiuguse. Kama kisu kina kufuli ya kuzuia bapa lisijikunje likiwa wazi, uso wa bapa unaoipokea nao usiuguse.

Hatua ya 3: Ondoa chuma, na uogope moto

Ugumu wa bapa umewekwa kwa moto, na moto huohuo unaweza kuuondoa. Chuma cha kawaida cha kaboni kikipashwa hadi nyuzi 220 hivi hugeuka rangi ya majani makavu, kisha kahawia, kisha zambarau, na karibu na nyuzi 300 kinakuwa bluu. Ukiona bluu, ugumu umekwenda. Chuma kisichoshika kutu ni kidanganyifu zaidi, kwa sababu rangi zake huchelewa kutokea. Unapoziona, joto limeshapita zamani.

Kisu changu cha kwanza nilikipeleka kwenye grainda ya mkononi, kwa kiburi cha ujana. Ncha ni nyembamba, haina pa kupeleka joto. Sekunde chache ikawa bluu kama shingo ya tausi, nami nikaichovya majini haraka nikidhani nimeiokoa. Maji hayarudishi kitu hapo. Ili ugumu urudi ingebidi bapa zima litiwe moto upya, jambo ambalo baraza yangu haina vifaa vyake. Kazi ilienda arijojo. Kama limekupata, dawa ni kuendelea kusaga taratibu, kwa maji mengi, mpaka sehemu yote iliyobadilika rangi iishe pamoja na milimita mbili au tatu za nyuma yake.

Kwenye grainda ya mezani, basi, fanya hivi. Kibao cha kuegemezea kiwe karibu na jiwe, nafasi isizidi milimita 3, la sivyo bapa litavutwa ndani. Usivae glavu, maana jiwe linazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika na likishika kitambaa haliachi. Mikono mitupu ndiyo kipimajoto chako. Gusa jiwe sekunde mbili, chovya, gusa tena, chovya. Ukitoa bapa majini, acha tone likae juu yake unaposaga. Tone likianza kuchemka, umevuka nyuzi 100 na ni wakati wa kurudi kwenye ndoo. Simama milimita moja kabla ya mstari.

Milimita hiyo ya mwisho ni ya mkono. Bandika msasa 120 juu ya kioo, lowesha, na usugue mteremko kwa mwendo wa kuviringisha kiganja. Asiye na grainda aanze hapahapa, kwa upande wa kukwaruza wa kinoo, redio ikiimba kando.

Hatua ya 4: Kona

Pale mteremko unapokutana na makali patabaki kona. Iviringe kidogo tu kwa msasa 240, kiasi cha nusu milimita. Isukume kwenye kiganja chako, isichome. Pitisha msasa 400 kwenye mteremko wote ili usishike kutu mikwaruzoni.

Hatua ya 5: Rudisha makali

Makali yaliyonyooka ni raha kunoa, hakuna tumbo la kufuata. Kwa kamba napenda digrii 20 kila upande. Huna kipima pembe? Kwa bapa lenye upana wa milimita 20, inua mgongo milimita 7 kutoka juu ya kinoo, utakuwa kwenye digrii 20. Kwa kisu cha jikoni inua 5 tu, utakuwa karibu na 15. Paka maka kwenye makali, sugua mara mbili, tazama. Wino ukifutika juu tu, umelaza mno. Ukifutika ukingoni tu, umeinua mno.

Noa upande mmoja mpaka ukipitisha kidole kwa kukwepesha upande wa pili usikie kinywele cha chuma, ule ukingo mwembamba uliojikunja kwa kunolewa, kisha geuza. Maliza kwa upande laini wa kinoo, mkono mwepesi, ukibadilisha pande kila mara mpaka kinywele kiishe. Kwa kisu cha baharini mimi huishia hapo. Makali yaliyong'arishwa kama kioo yanateleza juu ya kamba ya nailoni iliyolowa. Yenye ukwaru kidogo yanauma.

Hatua ya 6: Osha usiku uleule

Huku kwetu unga wa chuma na hewa ya chumvi havilali pamoja usiku mmoja bila kuacha madoa. Osha kwa sabuni na maji baridi yasiyo ya chumvi, kausha, puliza kiungo, tia tone la mafuta ya cherehani. Bapa linalokata chakula lipake mafuta ya nazi. Hata chuma kisichoshika kutu hutobolewa na chumvi kikiachwa nayo, kwa hiyo kila ukirudi kutoka baharini, maji ya mfereji kwanza.

Kwa wenye visu vya kaboni kama Opinel ya Ufaransa, ambayo mpini wake wa mbao huvimba kwa unyevu wetu na kulibana bapa, mteremko mpya utashika kutu haraka zaidi. Usafishe mafuta, uzungushie karatasi iliyolowa siki kwa nusu saa, suuza. Utakuwa wa kijivu, na kijivu hicho kinapunguza kutu ya kahawia.

Na ukivuka feri, kisu kikae kwenye mfuko wa kazi pamoja na nyuzi na ndoana, si kiunoni. Askari akipekua ataelewa kazi yako kabla hujafungua mdomo.

Mvuvi wangu alirudi baada ya wiki mbili. Kamba zinakatika, paja limepona, madumu salama. Lakini ana lalamiko jipya: hawezi tena kutoboa kopo la maziwa. Nikampa msumari wa inchi nne, nikaufunga na kisu kwa uzi mmoja.